Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa jumba: rudisha saruji hiyo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu na heshima zote. Barua tatu za Kiingereza zimelala mezani kwako bila jibu, basi hii ya nne inakuja kwa Kiswahili na hadharani, ili wapatikane watu wa kuisoma.

Wiki iliyopita mita 6 za ukuta wa haha ziliangukia handakini. Tangazo la ofisi yako linailaumu mvua. Mvua, Mheshimiwa, si mgeni Uingereza. Imeunyeshea ukuta huo tangu karne ya 18 nao ukabaki wima.

Kwa asiyeijua, haha ni handaki kati ya bustani ya nyumba na malisho. Upande wa nyumba una ukuta wima, upande wa pili ni mteremko wa nyasi. Kondoo na kulungu hawawezi kupanda, na aliye dirishani haoni uzio wowote. Macho yanateleza kutoka nyasi zilizokatwa hadi mialoni ya mbali kana kwamba ni shamba moja. Mbunifu wa bustani Charles Bridgeman aliitumia kwenye bustani ya Stowe, Uingereza, mapema karne ya 18, na baada yake mbunifu mwingine, Capability Brown, akazitengeneza mbuga za matajiri zionekane hazijaguswa na mkono wa mtu. Ukuta ukilala, hila yote imelala nao. Mtafunga waya, na waya unaonekana.

Ukuta huo ulijengwa kwa matofali laini na chokaa. Mkandarasi wenu akaja kuziba nafasi kati ya matofali kwa saruji, na kwa bidii ya ziada akaziba hata matundu ya kutolea maji chini ya ukuta. Fundi yeyote wa Mji Mkongwe, Zanzibar, angewaambia: chokaa hupumua, saruji haipumui. Unyevu uliokuwa ukitokea kwenye chokaa sasa unapita kwenye tofali lenyewe. Maji yakiganda, uso wa tofali unabanduka vipande vipande. Nyuma yake udongo umelowa, maji hayana pa kutokea, ukuta unaota kitambi. Malori ya mahema ya harusi nayo nadhani yamechangia, maana huegeshwa hatua chache tu kutoka ukingoni.

Ulituahidi matengenezo ya chokaa kabla ya baridi. Baridi imefika, chokaa haijafika, na inasemekana mifuko ya saruji imeshashushwa.

Tafadhali, irudishwe. Chokaa sehemu 1 kwa mchanga wa chengachenga sehemu 2.5 hadi 3 haishiki vizuri chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, kwa hiyo subirini Aprili. Saruji ya zamani itolewe kwa patasi na nyundo, kina cha angalau milimita 25. Mashine ya kukatia hula kingo za matofali. Ukuta ulowanishwe kwanza, kisha ufunikwe kwa magunia yaliyoloa kwa siku kadhaa, chokaa isije ikakauka upesi ikawa unga. Matofali mazima yaliyoanguka yaokotwe leo na kupangwa juu ya mbao. Ya namna ile hayauzwi dukani.

Na matundu, Mheshimiwa. Yazibuliwe wiki hii, kabla ukuta uliobaki haujafuata. Kazi hiyo haisubiri bajeti: patasi, nyundo, mtu mmoja. Malori yasogezwe. Saruji irudi ilikotoka.

Wako anayesubiri jibu, kwa lugha yoyote,
Jirani wa mbuga