Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mimea Yenye Sumu katika Malisho Yetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha na mauzo ya maziwa atazisoma mweka hazina, nami sitazirudia. Kamati imeniruhusu kutumia nafasi yangu yote mwaka huu kuzungumzia jambo moja lililowapotezea baadhi yetu ng'ombe waliokuwa tegemeo la nyumba, nalo ni mimea yenye sumu inayoingia mabandani kwa mikono yetu wenyewe.

Nasema kwa mikono yetu kwa sababu wengi wetu hapa Rungwe tunafuga ndani. Ng'ombe anayechungwa huonja, huacha, husogea penye nyasi nzuri zaidi. Aliyefungiwa bandani hana pa kusogea, na kuanzia Juni hadi Oktoba, matete yanapokauka na majani ya gwatemala kupungua, njaa humlazimisha kula chochote anachokikuta horini. Vijana tunaowalipa kwa mzigo hukata kila kilicho kijani kando ya njia, wala siwalaumu, maana hatukuwahi kuwafundisha.

Hasara kubwa imetokana na kangaga, lile linaloota kwa makundi vilimani kwenye ardhi yenye tindikali, hasa palipochomwa moto. Machipukizi yake hutokeza mapema baada ya moto, wakati ambapo hakuna kijani kingine, na hayo machanga ndiyo yenye sumu kali. Ng'ombe akila kidogo kidogo kwa miezi mingi au hata miaka, sumu hiyo, iitwayo ptakilosaidi, huharibu kibofu na kuotesha uvimbe wa saratani, naye huanza kukojoa damu. Hapo ndipo tulipopotea. Sisi tunaoishi na kupe tukiona mkojo mwekundu, mawazo yote huenda kwenye homa ya kupe. Mimi mwenyewe nilimchoma ng'ombe wangu sindano za homa hiyo mara tatu, na kila mara damu ikikatika siku chache niliamini amepona, hadi daktari wa mifugo aliponiuliza kama mnyama ana joto. Hakuwa nalo. Wakati huo uvimbe ulikwisha kukomaa, na kwa hatua hiyo hakuna dawa.

Naomba kila mwanachama ashike kipimo hiki. Kinga mkojo katika chupa inayoonyesha, uuache utulie kwa saa chache. Damu inayotoka kibofuni hutuama chini, na juu mkojo hupungua wekundu. Mkojo wa homa ya kupe hubaki na rangi ile ile toka juu hadi chini, kwa kuwa chembe za damu zimekwisha kupasuka ndani ya mwili. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya daktari, lakini kitamsaidia akifika. Wanaotandika kangaga kavu bandani nao waache, kwa sababu kukauka hakumalizi sumu na mnyama mwenye njaa hula matandiko yake. Tusisahau pia kwamba sumu hii hupita kwenye maziwa, na maziwa hayo tunawapa watoto wetu.

Jambo la pili limekuja na neema. Mashamba ya parachichi yameongezeka, na baada ya kupogoa hubaki marundo ya majani mabichi yanayomtamanisha kila mfugaji wakati wa kiangazi. Majani hayo yana sumu iitwayo pesini, inayoumiza kiwele: huvimba, maziwa hupungua ghafla na kutoka na mabonge, na dawa za kutibu kiwele hazisaidii kwa kuwa hakuna vijidudu vya kuua. Mnyama akila mengi, moyo huathirika, shingo na kifua huvimba, na anaweza kufa. Mbuzi nao wamo hatarini. Marundo hayo yabaki shambani yaoze yawe mboji.

Lantana tunayoiotesha kama uzio huharibu ini. Macho huwa ya manjano, na ngozi nyeupe ya ng'ombe kama Friesian huungua kwa jua. Wanyama waliozoea mahali pao kwa kawaida huikwepa, wageni ndio huila, kwa hiyo anayeleta mtamba kutoka mbali amwangalie sana majuma ya kwanza, na akimwona na dalili hizo amweke kivulini na kumwita daktari. Viazi vilivyogeuka kijani au kuchipua, pamoja na majani yake, visitupwe horini.

Kamati inaleta mbele yenu mapendekezo mawili. La kwanza, sehemu ya mfuko wa chama inunue vipandikizi vya gwatemala na matete vipandwe mvua zikianza, na kabla ya kiangazi tufundishane kutengeneza saileji, yaani majani mabichi yanayoshindiliwa na kufunikwa yasipate hewa ili yahifadhike. La pili, kila mzigo wa majani ufunguliwe na kukaguliwa na mwenye ng'ombe kabla ya kulipwa, na vijana wanaokata waitwe siku moja waonyeshwe mimea hii ikiwa mibichi, mkononi. Naomba mkutano uyajadili na kuyapigia kura leo.