Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Utabibu kwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kuja kutuaga, tukijua majukumu yako hayaishi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, darasani tulizikariri ngazi za huduma nchini: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, za kanda kama Bugando na KCMC, na juu kabisa Muhimbili. Kwenye mtihani hizo ni alama za bure. Tulipokwenda mafunzo kwa vitendo ndipo tulipoona jinsi zahanati inavyoelemewa.

Wengi wetu tulikuta zahanati yenye watumishi wawili. Siku ya kliniki, muuguzi huyohuyo anamning'iniza mtoto kwenye mizani, anachanja, anaandika kadi, anajaza kitabu namba 7 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Akiitwa leba, foleni inasimama. Takwimu za mwezi zikichelewa kufika wilayani, anaandikiwa barua.

Mheshimiwa, zahanati hiyo ina wakubwa wawili. Sera na miongozo hutoka Wizara ya Afya. Watumishi na majengo viko chini ya halmashauri, kwa maana ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Dawa huagizwa Bohari ya Dawa, MSD. Mgawanyo huu tunauelewa, kwani halmashauri ndiyo inayojua ni barabara ipi hukatika masika. Shida ni kwamba dawa ikikosekana, mganga mfawidhi, msimamizi wa zahanati, huzungushwa ofisi hadi ofisi, na mgonjwa anamlaumu yeye.

Yapo yaliyotufurahisha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Tulishuhudia kamati ya usimamizi, wengi wao wakulima, ikibishana hadi adhuhuri: kinunuliwe kitanda cha kujifungulia au tangi la maji? Kitanda kilishinda. Sisi tungenunua tangi, ila kura hatukuwa nayo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapitishwa, mwaka 2023. Mwanachama akifika na kadi yake akakuta rafu tupu, sisi wa dirishani ndio tutakaoulizwa. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, wadogo zetu wanaobaki chuoni wapangiwe muda mrefu zaidi zahanati kuliko hospitali ya mkoa, ambako wanafunzi kumi huzunguka kitanda kimoja. Pili, ofisi yako izihimize halmashauri kujenga nyumba za watumishi. Mtabibu anayepanga mbali na kituo hawezi kuitwa usiku akawahi.

Suala la ajira hatutalirefusha, Mheshimiwa. Umelisikia kila mahafali.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu, Stashahada ya Utabibu