Kacheze, ila gari liache Dar

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeletewa na dada yako, marahaba baba. Kaniambia pia Jumamosi mnaenda dansi na wenzako wa kazini, halafu mkitoka hukohuko wewe unawasha gari unakuja Muheza kumuona shangazi. Dansi sikukatazi, kacheze. Ila hilo la kutoka ukumbini saa tisa usiku na kushika usukani moja kwa moja ndo limeninyima usingizi.

Usije ukadhani nasema shangazi anaumwa basi watu wasifurahi. Mwenyewe angekuwa wa kwanza kukusuta ukijifungia ndani. Enzi zake Dar, Jumapili yake ilikuwa ukumbi wa DDC Kariakoo kwa bendi ya Sikinde, ukimtajia wapinzani wao Msondo ananuna, "hao wa NUTA", jina lao la zamani, japo ndo wakongwe wenyewe, wale wameanza 1964 na Sikinde wake wamekuja 1978. Kwa hiyo ukifika uwe na la kumsimulia, solo kapiga nani, matarumbeta yalikuwepo au wanabania kwa kinanda, watu walivaaje. Anaelewa kila kitu, sema kiharusi kimemfanya mdomo mzito na mkono wa kulia bado haujarudi vizuri. Akianza kusema msubiri amalize, usimwahi. Dada yako alikuwa anammalizia kila neno mpaka mgonjwa akalia.

Sasa baba, panda basi. Ile barabara ukishaiacha Chalinze ni malori ya Arusha na Moshi mtindo mmoja, Wami, Mkata, Kabuku mpaka Segera, na alfajiri kunapopambazuka ndo macho yanafumba yenyewe, mtu kasinzia na mwenyewe hajui. Na usiniambie hunywi, najua hunywi na hilo nalisema kwa watu kifua mbele, lakini usingizi hauulizi kama ulikunywa bia au soda. Miguu imecheza usiku kucha halafu unaiambia ikanyage breki?

Kuna basi za alfajiri pale Mbezi, ukichelewa kuna za baadaye. Lala kwanza. Hata ukiingia jioni shangazi yupo, anakusubiri, hakuna atakayekuuliza mbona umechelewa.

Hela ya yule kijana wa mazoezi ya viungo inafika kila wiki, na baba yako keshawaambia msikiti mzima. Mungu akuzidishie. Ila mwanangu unatuma hela kimyakimya kama unalipa bili, hupigi simu, shangazi anauliza "mtoto hajambo?" mimi nabaki natunga majibu. Na kapime presha, iko kwenye ukoo wenu. Shangazi alipojiona mzima akaacha vidonge, na humu ndani tulikuwa tunaona boksi halipungui, tukanyamaza.

Ukija pitia Kariakoo umchukulie pampasi za watu wazima saizi kubwa, huku bei imekaa vibaya. Na kanga doti moja ya kumfunika miguuni, usilete blanketi, joto. Matunda usinunue njiani, machungwa hapa tunagawa bure mpaka majirani wamechoka. Bati la jikoni linavuja tena, fundi wa mwaka jana kalipigilia misumari kama ana hasira nalo, baba yako anasema atapanda mwenyewe kulitazama, na goti lake lile unalijua, kwa hiyo ukifika umuwahi kabla hajaleta ngazi.

Nimeongea na dada yako, funguo za gari umwachie yeye Jumamosi mchana kabla hujaenda huko dansini. Usimkasirikie, nimemtuma mimi. Ukishakata tiketi nitumie jina la basi na saa, nimwambie wa bodaboda akusubiri stendi, yule mwenye koti la bluu, mwingine usipande.

Mama yako