Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: zebaki ambayo leza haiioni

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira, Tanzania,

Megawati 600 za umeme wa makaa ya mawe kule Mchuchuma, Ludewa, tumezisikia kwa miaka mingi. Siku mpango ukiiva, mezani kwako litatua kabrasha nene la tathmini ya athari kwa mazingira. Ninavyowajua wauza mitambo, humo patakuwa na ukurasa unaosema zebaki ya dohani itapimwa kwa leza, saa 24. Ukifika hapo, nakuomba usome polepole.

Mimi ni fundi maabara mstaafu. Wengi wetu zebaki tunayoijua ni ile ya Chunya na Geita, anayoikamua mchimbaji kwenye kitambaa kabla ya kuchoma dhahabu. Ya kwenye makaa ya mawe huioni. Tani moja ina kama gramu 0.1 tu, lakini mtambo ukila tani milioni 2 kwa mwaka, hiyo ni kilo 200, na tanurini karibu yote hugeuka mvuke.

Vijana waliokuja kwangu mafunzoni nilikuwa nawaonyesha jaribio moja. Unazima taa za chumba, unawasha taa ya urujuanimno, mbele yake unasimamisha kibao kilichopakwa rangi inayong'aa. Katikati unafungua kichupa cha zebaki. Mdomoni mwa kichupa huoni kitu, ila kibaoni kuna kivuli kinapanda kama moshi wa sigara. (Feni ya kufyonza hewa ilikuwa inafanya kazi, usiwe na wasiwasi.) Atomu za zebaki humeza mwanga wa nanomita 253.7, na kipimo chote kimesimama hapo. Leza ni taa hiyo iliyonolewa: mwanga wake ni mwembamba kiasi kwamba unauweka juu ya mstari wa zebaki, kisha unausogeza pembeni kidogo. Salfa dioksidi, iliyojaa kwenye moshi wa makaa, nayo humeza mwanga huo, ila yenyewe haichagui, hapa na pembeni ni vilevile. Ukitoa kipimo cha pembeni, inabaki zebaki, hata ikiwa mikrogramu moja katika mita ya ujazo. Ningekuwa na chombo hicho enzi zangu, ningezeeka taratibu zaidi.

Tatizo ni kwamba leza hiyo huona atomu iliyo peke yake. Moshi ukipoa, sehemu ya zebaki hushikana na klorini, na kloridi ya zebaki haina mstari ule. Inapita mbele ya leza kama mgeni asiyebisha hodi. Na hiyo ndiyo yetu. Zebaki huru hupaa ikazunguka dunia kwa miezi. Ya klorini huyeyuka kwenye maji na kushuka na mvua za jirani. Jirani ya Mchuchuma ni Ziwa Nyasa. Huko topeni bakteria huigeuza methili-zebaki, sumu inayojikusanya mwilini, ikaingia kwa samaki: kwa usipa, kwa mbasa anayemla usipa, na kwa anayemla mbasa.

Kuna tanuri dogo linalowekwa kabla ya leza ili kuivunja kloridi hiyo. Lidai, lakini usiishie hapo. Kloridi hugandia kwenye kuta za bomba la sampuli. Katika kiwanda kimoja nje ya nchi nilikopelekwa kujifunza, kipande cha bomba chenye urefu wa hatua mbili kilisahaulika bila hita. Grafu ilinyooka wiki nzima, watu wakapongezana. Tulipokifunga hita, ikapanda. Uhakiki wa chombo ulikuwa unafanyika kila asubuhi, kwa zebaki huru, chini kwenye kabati la chombo, mbali na tatizo.

Kwa hiyo kwenye masharti ya cheti cha mazingira iandikwe zebaki jumla, ya huru na ya klorini. Uhakiki ufanywe kwa kloridi ya zebaki, ipulizwe juu kabisa, kwenye ncha iliyo ndani ya dohani. Namba za kila saa zifike NEMC, baraza la taifa la mazingira, kama zilivyo, si wastani wa mwezi. Tundu na jukwaa la kupimia vichorwe sasa, dohani ikiwa bado karatasini. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, tuliuridhia mwaka 2020, na mitambo ya makaa ya mawe imetajwa humo kwa jina.

Kichupa na kibao ninavyo bado. Ukiniita Dodoma nitakuja navyo. Nitahitaji chumba kinachoweza kutiwa giza, na feni nzuri ya kutoa hewa nje.

Wako mtiifu,
Fundi maabara mstaafu, Mbeya