Barua ya wazi kwa Waziri: wakala wa vipimo usiachwe ujitafutie riziki

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa ugezi, yaani kazi ya kukagua mizani na vipimo vingine kwa kuvilinganisha na kipimo cha kuaminika. Nakuandikia kuhusu mpango wa kuutaka wakala wa taifa wa vipimo na viwango ujiendeshe kwa ada za wateja. Nakuomba uufikirie upya.

Nianze na mzani mmoja. Tuliitwa kwenye zahanati kukagua mzani wa kuning'iniza watoto. Nikatundika jiwe la kilo 5. Mshale ukasimama kwenye kilo 5 na nusu. Muuguzi akaziba mdomo kwa kiganja. Watoto waliokuwa wamekonda waliandikwa wazima, na dawa zinazotolewa kwa kilo zilikuwa zikipigiwa hesabu kwa namba isiyo ya kweli. Springi ilikuwa imechoka, basi, na hakuna aliyewahi kufika pale na jiwe la kuaminika.

Jiwe lile silishiki kwa mkono mtupu, maana hata mafuta ya kidole huongeza uzito. Limelinganishwa na jiwe bora zaidi, nalo hilo na la taifa, na la taifa na vipimo vya nchi nyingine chini ya Mkataba wa Mita, uliosainiwa Paris tarehe 20 Mei 1875. Tangu 2019 kilo haitegemei tena kipande cha chuma kilichofungiwa Ufaransa. Imejengwa juu ya namba ya Planck, namba ya kimaumbile isiyobadilika wala kuchakaa. Lakini mnyororo huo wa kulinganisha mawe ukikatika huku chini, haumsaidii yule mtoto.

Kiwanda kikubwa kitalipa ada. Zahanati haitaweza. Na wakala unaoishi kwa ada utamfuata mwenye kulipa, hata watumishi wake wawe waadilifu kiasi gani.

Marekani ilianzisha ofisi yake ya viwango mwaka 1901. Februari 1904 Baltimore ikawaka moto. Wazimamoto wa miji mingine wakawahi kuja kusaidia, lakini mipira yao mingi haikuingia kwenye mabomba ya jiji, na majengo zaidi ya 1,500 yakateketea. Ndipo ofisi ile, ambayo leo ni NIST (Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia), ikakusanya aina zaidi ya 600 za viungio vya mipira ili kipatikane kipimo kimoja. Nani angelipia kazi hiyo kabla ya moto?

Ada za viwandani ziendelee. Ila ugezi wa vipimo vya afya na usalama upewe fungu lake kwenye bajeti, na kila mzani wa zahanati uwe na kibandiko chenye tarehe ya ukaguzi.

Chagua zahanati yoyote, Mheshimiwa. Nitakuja na jiwe langu.

Wako mtiifu,
Fundi wa ugezi