Chura wa Kihansi naye anastahili sarafu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe pendekezo kwa Benki Kuu ya Tanzania kuhusu sarafu za kumbukumbu zenye picha za wanyama walio hatarini kutoweka.

Mwaka 1974, katika mpango wa kimataifa wa sarafu za uhifadhi, nchi yetu ilitoa shilingi 25 ya fedha yenye twiga, shilingi 50 ya fedha yenye faru na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma, upande wa pili ukiwa na sura ya Mwalimu Nyerere. Zilikuwa sarafu za kupendeza, ila zililenga wakusanyaji, na ni Watanzania wachache mno waliowahi kuzishika. Faru mwenyewe hazikumkinga, kwani ujangili wa miaka iliyofuata ulimmaliza karibu kila mahali, hata leo mtoto wa Iringa humwona kwa urahisi zaidi kwenye shilingi 50 ya kawaida (ambayo wenye maduka huipokea shingo upande) kuliko porini.

Sipingi sarafu hizo. Nashangaa tu kwamba tunarudia wanyama wale wale ambao hata mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi hii anawajua, ilhali chura wa Kihansi hana anayemtaja. Makazi yake ya asili ni korongo moja tu la Udzungwa, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, na hatagi mayai kama vyura wengine bali huzaa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme manyunyu yalipungua, ugonjwa wa kuvu ukafuatia, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kizazi chake kilisalia kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa Marekani kufugwa, na mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni.

Napendekeza Benki Kuu itoe sarafu yake ya fedha kwa wakusanyaji, mapato yakatunze korongo hilo, na nyingine ya madini ya kawaida iingie kwenye mzunguko kwa thamani yake iliyoandikwa. Wenzetu wa Kenya waliwaweka twiga, faru, simba na tembo kwenye sarafu za matumizi ya kila siku mwaka 2018, nasi tunaweza kuanza na mnyama asiyepatikana kwingineko. Tena chura huyu hazidi sentimita tatu, hivyo mchoraji anaweza kumweka kwenye sarafu kwa ukubwa wake halisi, jambo ambalo tembo hawezi kulipata.

Msomaji wako,
Iringa