CIF Mombasa haimkingi mwagizaji

Mhariri,

Waagizaji wengi wakiona “CIF Mombasa”, yaani bei pamoja na bima na nauli hadi Mombasa, kwenye ankara ya Mchina huamini mzigo ni jukumu la muuzaji mpaka meli itie nanga Kilindini. Sivyo. Chini ya Incoterms 2020, kanuni za Chama cha Kimataifa cha Biashara, muuzaji wa CIF hulipa nauli na bima hadi Mombasa, lakini hatari humhamia mnunuzi mara tu mzigo unapopakiwa melini kule Ningbo au Shenzhen. Ukiharibika baharini, hasara ni yako, na mwenye kudai fidia ni wewe, pengine kwa kampuni ya bima usiyoijua hata ilipo.

Na bima yenyewe ni nyembamba. Muuzaji halazimiki kukata zaidi ya daraja C, la chini kabisa katika bima ya shehena, kwa asilimia 110 ya bei. Daraja hilo hulipa moto, au meli kuzama, kukwama na kugongana. Wizi haumo. Maji ya bahari kuingia kontenani hayamo, wala kontena kusombwa na mawimbi. Kuyapata yote hayo kunataka daraja A, lililo pana zaidi.

Kwa Kenya kuna jingine: tangu Januari 2017 mwagizaji anatakiwa kukata bima ya shehena kwa kampuni za humu nchini. Anayenunua kwa CIF, basi, analipia bima mara mbili. Heri CFR, yaani bei na nauli pekee, kisha ujikatie daraja A hapa. Ila ikatwe kabla meli haijang’oa nanga. Wako wanaokimbilia cheti meli ikishafika, ili tu wapite forodha. Cheti hicho hakilipi kilichokwisha kulowa njiani.

EXW, yaani kuuchukua mzigo mlangoni kwa muuzaji, bei yake huvutia, lakini forodha ya kutoa mzigo China inakuangukia wewe. Kwa kontena, omba FCA: muuzaji amalize forodha ya kwao, akabidhi kwa msafirishaji uliyemchagua. Ukiahidiwa DDP, yaani muuzaji akufikishie mzigo ushuru ukiwa umelipwa, uliza kwanza hati ya forodha itabeba jina la nani, maana VAT iliyolipwa kwa jina la mwingine hutaweza kuidai.

Kwenye mkataba andika kwa ukamilifu: “CFR Mombasa, Incoterms 2020”. Na hata ukinunua kwa FOB, ambapo muuzaji huishia kupakia mzigo melini na nauli na bima ni zako, tunza risiti za nauli na bima, kwani forodha hukokotoa ushuru kwa thamani ya CIF. Ukizikosa, watakukadiria wao.

Wakala wa forodha,
Mombasa